Gari la Neli Lililobaki Lubuk Salai

Mke wangu Yusmaneli, tunayemwita Neli, hakuwahi kuota biashara ya magari. Alikuwa mshonaji wa nguo za harusi hapa Payakumbuh, zile nzito zenye nyuzi za dhahabu, na kama gari la kaka yake lisingeachwa uani kwetu, nadhani mpaka leo angekuwa ameinamia cherehani. Ninasema "kwetu" kwa mazoea tu. Nyumba ni yake na ya mama yake, kama ilivyo desturi ya huku. Mimi mume nilihamia na begi la nguo na sanduku la misumeno.

Gari aliliacha Afrizon, kaka yake, ambaye ana duka la nguo sokoni Jakarta. Mwaka ule alikuja Idi kwa barabara ili majirani waone kwamba mambo yamemnyookea. Waliona, lakini safari ilimtoa jasho mpaka akaapa hatairudia. Idi ilipokwisha alikata tiketi ya ndege, akampa dada yake ufunguo pamoja na kadi ya gari, akasema litumieni, likikaa litaharibika. Baadaye aliliandika kabisa kwa jina la Neli.

Basi likatumiwa na kila mtu isipokuwa sisi. Ukoo wa mke wangu ni mkubwa, na huku mtu wa ukoo akiomba, unampa. Binamu alimpeleka mama yake hospitali, mpwa akaenda kuposa, jirani akabebea viti vya harusi. Gari lilirudi tanki limekauka, viatu vya watoto chini ya viti na mbegu za tikiti kwenye mifuko ya milango. Mwanamke mwingine angenuna. Neli alifungua milango yote minne, akaanza kupekua kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Da Syaf, hebu njoo," aliniita siku moja. Da ni namna yetu ya kumwita kaka, na ndivyo mke anavyomwita mumewe. "Huyu alisema anampeleka mama yake hospitali. Sasa haya manyoya ya bata?"

"Labda mama alipata hamu ya bata."

"Akiwa anakwenda kupimwa presha?"

Alikwenda kumuuliza binamu mwenyewe, bila ugomvi, kwa sababu tu alitaka kujua. Kumbe mama alipomaliza kupimwa aliona gari lina nafasi, akaomba wapitie kwa dada yake ambaye hawajaonana tangu mafuriko. Dada akafurahi, akawapa bata wawili wazima. Neli alinisimulia habari hiyo wakati wa chakula, kisha akarudisha tonge sahanini. Akasema: unajua, watu hawa si kwamba wanataka gari. Pikipiki wanazo. Wanataka kufika kwa watu wakiwa wamekaa pamoja, hawajalowa, na sahani ya chakula haijamwagika.

Wiki iliyofuata nilimkatia ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: Gari Linakodishwa, Pamoja na Dereva au Bila Dereva. Dereva ni mimi. Useremala haukuwa na kazi nyingi siku hizo.

Ubao haujakauka vizuri, Mjomba Bustamar akafika. Ndiye kaka mkubwa wa mama yake Neli, na kwa desturi yetu neno lake katika nyumba hiyo linapita langu mbali sana. Alisimama nje akausoma polepole kama anayesoma notisi ya mahakama, ndipo akapanda ngazi.

"Neli, nimeona kibao. Nikadhani nimekosea nyumba."

"Hujakosea, Mjomba. Karibu kahawa."

"Na ndugu zako nao watalipa?"

"Watajaza mafuta na wataliosha. Wageni ndio watalipa."

"Na msiba?"

"Msiba halipi mtu, awe nani."

Mjomba alikoroga kahawa yake muda mrefu. Kisha akanigeukia, akaniuliza mimi ninasemaje. Nikamwambia mimi ni mkwe tu, kazi yangu kushika usukani. Akasema hilo ni jibu la mtu mwerevu, au la mwoga, na yeye hajajua bado ni lipi. Akamaliza kahawa, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Neli akaichukulia kuwa ndiyo.

Wateja wakaja. Wengi walitaka gari msimu wa Idi, vijana waliorudi kutoka mijini ambao hawakutaka kuonekana wakishuka kwenye basi mbele ya kijiji. Wengine harusi, wengine kumpeleka mtoto chuoni na godoro lake. Neli hakukosa kumuuliza hata mmoja: unakwenda wapi, huko kuna nini, mtakula nini, utamkuta nani. Mimi niliona haya. Mwanamume mmoja alichukia, akadhani mke wangu ni mpelelezi wa mke wake. Lakini wengi walikaa na kueleza, maana ni mara ngapi mtu mzima anaulizwa habari za safari yake na mwingine akamsikiliza mpaka mwisho? Nilikuwa nimesimama na ufunguo mkononi, nikihesabu nguzo za baraza.

Mjomba naye aliliona jambo hilo siku moja. Alisema kwa sauti ili Neli asikie jikoni: "Mkeo hakodishi gari, Syaf. Anakodisha masikio."

Feriyaldi alikuja baada ya mavuno. Alikuwa kijana mpole wa kama miaka thelathini, shati limepigwa pasi, mwenyeji wa Suliki, si mbali na sisi. Alisema anafuga samaki kwenye vizimba ziwani Maninjau na anataka gari la siku chache, bila dereva. Aliacha kitambulisho na pikipiki kama dhamana. Neli akamkalisha, akamuuliza samaki wadogo wanatoka wapi, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba samaki nao wana pa kununuliwa wakiwa vifaranga. Feriyaldi akacheka. Akaeleza kwamba kambare wadogo huwanunua ng'ambo ya mpaka wa mkoa, upande wa mto Kampar, katika kijiji kinachoitwa Lubuk Salai. Akasema huko wanawake hubanika kambare kwa moshi mpaka wanakuwa rangi ya asali, na mtu akishakula hao, samaki wa mjini anamwona kama karatasi.

Siku alizosema zilipita. Simu yake ikawa haipokelewi, kisha ikawa haiiti kabisa. Pikipiki aliyoiacha tuliichunguza, injini yake ilikuwa imekufa ndani. Kumbe aliisukuma mpaka kwenye kona ya kwetu, ndipo akaipanda akaiacha iserereke mpaka uani.

Nitasema kweli, mimi nilivunjika moyo. Neli hakulia. Alitoa taarifa polisi, akaambiwa asubiri, na polisi wenyewe walikuwa na mafaili ya magari mengine yaliyopotea namna hiyohiyo. Mtindo unajulikana: mtu anakodi gari, analiweka rehani kwa mtu wa mbali, anachukua fedha, anatoweka. Tulikwenda Suliki kwa anwani ya kitambulisho, tukamkuta mama yake, mwanamke mnyonge aliyekuwa akianika mpunga. Alitupokea kwa heshima, akatukaangia ndizi. Mwanawe hakuwa amefika nyumbani kwa muda mrefu, na habari za gari hakuwa nazo. Tuliporudi Neli alisema: yule mama hadanganyi, lakini kuna kitu anaogopa kukijua.

Mjomba aliposikia alikuja na kauli moja, kwamba ubao ushushwe. Niliushusha. Neli aliutazama umelala baraza, akaniambia:

"Da Syaf, mwizi wa kawaida angesema anakwenda mjini Padang. Kwa nini huyu alinieleza habari za samaki?"

"Kwa sababu ulimuuliza."

"Ndiyo. Na alieleza vizuri mno. Mtu hawezi kutunga rangi ya asali. Huko ana watu wake."

Kesho yake alfajiri tulipanda lori la mayai. Payakumbuh ni mji wa kuku, na kila siku malori yetu hushuka kwenda Pekanbaru, njia ya mto Kampar, yamejaa trei mpaka juu. Dereva alikuwa mtu wa ukoo wa Neli, naye hakuweza kukataa. Tulikaa watatu mbele, kadi ya gari imefungwa kwenye kitambaa juu ya mapaja ya mke wangu. Kwenye kona kali za bondeni dereva aliendesha polepole kama aliyembeba bibi harusi, na Neli akamuuliza njia nzima ni mayai mangapi huvunjika, na yaliyovunjika huenda wapi. Huenda kwa waoka keki, kumbe. Hata mimi sikujua, na nimeishi mji huu maisha yangu yote.

Lubuk Salai tulikijua kwa harufu kabla ya kukiona. Moshi wa kuni ulitambaa juu ya mto, na chini ya kila nyumba kulikuwa na kichanja cha samaki. Nilitaka twende moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji. Neli akanishika mkono, akaenda kuchuchumaa karibu na mwanamke aliyekuwa anageuza kambare, akaanza kumuuliza ni kuni za mti gani. Nilikaa kwenye gogo nikisikiliza habari za kuni mpaka macho yakaniwasha. Alinunua samaki kikapu kizima. Ndipo, akiwa anafunga, akasema kwamba habari za samaki hawa alizipata kwa kijana mmoja wa Maninjau, Feriyaldi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi.

"Fer?" yule mama akasema. "Tunamjua, alikuwa mnunuzi wetu. Alikuja na gari mwezi uliopita. Si hilo liko kwa mkunga?"

Lilikuwa limeegeshwa kando ya nyumba ndogo nyeupe yenye kibao cha zahanati. Nilijua namba zake, na nilijua mkwaruzo niliouweka mimi mwenyewe kwenye geti la ukumbi wa harusi. Lakini viti vya nyuma havikuwamo. Mahali pake palikuwa na godoro jembamba lenye shuka safi, chupa ya maji imefungwa kwa kamba, na juu ya godoro feni ndogo. Neli aliweka uso kwenye kioo, viganja viwili pembeni mwa macho, akachungulia. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mkunga alitoka akijifuta mikono. Aliitwa Rohayana, mwanamke mnene kidogo wa rika la mke wangu, kilemba kimekaa upande. Neli alimsalimu, akafungua kitambaa, akampa kadi ya gari aisome mwenyewe. Rohayana akasoma jina, akatazama namba za gari, akasoma tena. Akakaa kwenye ngazi.

"Aliniambia ni lake," alisema. "Alisema anahitaji fedha upesi, nimshikie mpaka mwisho wa mwaka. Mimi nikamwona kama ameletwa na Mungu. Uni, mimi nilitoa akiba yangu yote."

Uni ni dada kwa lugha yetu, na kwamba alimwita hivyo mtu aliyekuja kumnyang'anya gari, mimi nililiona.

"Ninakuamini," Neli akasema. "Ila gari ni langu."

"Najua. Nimesoma."

Nilikuwa nafikiria namna ya kurudisha viti, na kama tutafika nyumbani kabla ya giza. Ndipo pikipiki ikaingia uani kwa kasi, kijana mwenye matope mpaka magotini, akasema mkewe aliye ndani ya mashamba ya michikichi ameanza uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya.

Rohayana alinyanyuka, akatoa ufunguo mfukoni, akasita. Akamtazama mke wangu. Neli akauchukua ule ufunguo, akanirushia.

"Da Syaf ni dereva," alisema. "Tuonyesheni njia."

Njia yenyewe ilikuwa udongo mwekundu ulionyeshewa asubuhi. Michikichi imesimama mistari kwa mistari, kila kona inafanana na iliyopita, na kama isingekuwa ile pikipiki mbele yangu ningezunguka humo mpaka mafuta yaishe. Tulimkuta yule mama mdogo kibarazani, mkwewe anamfuta shingo. Tulimlaza kwenye godoro. Neli akaingia nyuma pamoja na mkunga, akakaa kichwani kwa mgonjwa, na kutoka pale mpaka hospitali ya Bangkinang nilimsikia akifanya anachokifanya siku zote. Alimuuliza kwao ni wapi. Wameanza lini kukaa humo shambani. Kabla ya gari hili mkunga alikuwa anakujaje. Kila uchungu ulipopungua yule mama alijibu kidogo. Alisema uchungu wa mtoto wake wa kwanza walimbeba kwa trekta la mavi ya kuku. Hakusema huyo mtoto alifika au hakufika, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, Neli hakuuliza swali lililofuata.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kiume, mzima. Tulikaa kwenye benchi nje, sisi watatu, tukala samaki wa kikapu kwa mikono. Walikuwa kama yule kijana alivyosema. Rohayana alieleza bila kuulizwa kwamba gari la wagonjwa la wilaya lipo, lakini liko mbali, na njia ya michikichi mvua ikinyesha hakuna anayejitolea. Alikuwa ameomba gari kwa barua miaka kadhaa. Kulinunua hawezi, na benki ilimwambia mshahara wake haufiki.

"Lakini kila mwezi unaweza kutoa kiasi?" Neli akauliza.

"Kiasi, ndiyo. Kijiji nacho huchangia. Hata watu wa shamba la michikichi waliahidi, ila wanataka kuona karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kwamba gari lipo kihalali na lina mwenyewe."

Mke wangu alitazama ile kadi iliyokuwa kwenye kitambaa. Nilimwona kabla hajasema. Nikasema moyoni, tumekwisha, tunarudi na lori la mayai.

Walikubaliana hapo kwenye benchi. Gari libaki Lubuk Salai mwaka mzima, kwa mkataba, kijiji kilipie kila mwezi, Neli agharamie matairi na matengenezo makubwa. Miezi ya mwanzo Rohayana asilipe kitu, kwa sababu naye alikuwa ametapeliwa na mtu yuleyule, na Neli aliona si haki mmoja wao abebe hasara peke yake. Kesho yake mkuu wa kijiji aliweka sahihi na muhuri, na mimi nikakaza skrubu za kitanda cha godoro, maana aliyekifunga hakuwa seremala.

Tulifika nyumbani jioni. Mjomba Bustamar alikuwa ameketi barazani, amesikia kwamba tumelipata. Alinyoosha shingo kutazama nyuma yetu, barabarani.

"Gari liko wapi?"

"Liko kazini, Mjomba," Neli akasema, akaweka kikapu mbele yake.

Mjomba akafunua jani la mgomba. Akamtazama mpwa wake, akanitazama mimi.

"Yaani mmekwenda kufuata gari, mmerudi na samaki?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na yeye akanitazama kwa hasira mpaka na yeye midomo ikamshinda. Lakini baada ya kula alimwita Neli kando, akamwambia bila utani kwamba amelitoa gari la ukoo kwa watu asiowajua, kwa neno la mkunga. Neli akajibu kwamba Feriyaldi alikuwa mtu wa karibu, kijiji cha karibu, kitambulisho cha kweli, na bado alituibia. Akasema anachotaka kujua sasa ni kitu kimoja: nani mwingine anahitaji gari kila siku ya mwaka na hawezi kulinunua?

Lubuk Salai walilipa mwezi walioahidi kuanza, na uliofuata, na uliofuata. Wakati huo Neli alizunguka mji akiuliza lile swali lake moja. Mfugaji wa kuku alihitaji gari dogo la mizigo, lakini fedha zake zote zilikuwa kwenye chakula cha kuku. Shule ya watoto wasiosikia ilitaka gari la asubuhi na jioni. Mwenye kiwanda kidogo cha galamai, ule utamu wetu mweusi wa kuvutika, alikuwa anatuma mzigo kwa watu wanaochelewa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kwetu kukodi kwa siku. Neli akaacha cherehani. Benki ambayo ingemkatalia akiwa mshonaji ilimsikiliza ilipoona mkataba wenye muhuri wa kijiji, ikamkopesha gari la pili, baadaye la tatu. Kila gari likawekewa kifaa cha kuonyesha lilipo, maana hakuwa mjinga. Aliniambia kifaa kinaonyesha mahali gari lilipo tu, hakisemi limekwenda kufanya nini, kwa hiyo bado atauliza.

Ubao niliurudisha, nikaongeza mstari mmoja: Kwa Siku, kwa Mwezi, kwa Mwaka.

Mjomba alikaa kimya mwaka mzima. Kisha asubuhi moja alikuja kwa miguu, akakataa kahawa, akamwambia Neli kwamba lile gari lake la zamani aina ya jeep lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba linachosha macho ya mkewe. Neli akauliza kama anataka kuliuza. Akasema hapana, nani kasema kuuza. Akatazama juu ya paa. Akasema watu wa misitu, kwa mfano, wale wanaohesabu miti, huenda wanatafuta gari la kupanda milima. Nilijifanya napiga randa. Gari hilo sasa lipo kaskazini huko kwa watu wa misitu, na Mjomba hupenda kutuambia, kana kwamba hatujui, kwamba linakwenda mahali ambapo magari yetu yasingethubutu.

Feriyaldi alikuja mwenyewe, msimu wa mvua. Mama yake alitangulia, akasimama kwenye ngazi, mwanawe nyuma yake, shati halijapigwa pasi. Mjomba alikuwepo siku hiyo, na nilimwona akikunja na kukunjua ngumi. Kijana alipiga magoti, akasema amekuja kuomba radhi na kwamba amepata kazi ya bandarini Dumai. Ameanza kumrudishia mkunga kidogo kidogo. Hilo tulilijua, Rohayana alikuwa ametupigia simu.

Neli alimwambia akae kwenye kiti.

"Ninataka kujua kitu," alisema. "Ulikuwa unataka fedha za nini?"

Kijana akasema, za samaki. Upepo ulivuma juu ya ziwa siku tatu mfululizo, maji ya chini yakapanda juu na ya juu yakashuka, na kulipokucha vizimba vyake vyote vilikuwa vyeupe kwa matumbo ya samaki. Alikuwa amekopa kwa ajili ya chakula chao. Hakumwambia mama yake. Alidhani atanunua vifaranga wapya kwa fedha za rehani, watakua, atawauza, atalikomboa gari kabla hatujaamka. Wale wapya nao walikufa.

"Maji ya chini yanapandaje?" Neli akauliza.

Feriyaldi akainua kichwa. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa polisi, kwa kila kitu isipokuwa hilo. Akaanza kueleza, mwanzo kwa kigugumizi, kisha kwa mikono: joto, baridi, mabaki ya chakula yanayooza chini, harufu inayokuja siku moja kabla, kama ya kiberiti. Neli aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Mama wa kijana alikuwa akisikia habari hizi kwa mara ya kwanza, akalia polepole bila sauti. Mjomba alivumilia mpaka basi.

"Neli, huyu kakuibia gari. Wewe unamuuliza habari za maji?"

"Gari nilishalipata, Mjomba. Hili sikuwa ninalijua."

Ijumaa iliyofuata Neli aliniomba nimpeleke Maninjau. Tulishuka zile kona nyingi mpaka ukingoni mwa ziwa, maji yametulia kama bamba la kioo, vizimba vimejipanga mbali. Neli alivua viatu, akatembea juu ya gati la mianzi mpaka mwisho, akainama, akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, nadhani akitafuta baridi inaanzia wapi. Mzee mmoja mwenye vizimba alikuwa anatupia samaki chakula. Neli akamsalimu, akamuuliza kama mwaka huu upepo umekuja. Mzee akasema bado. Wakazungumza. Mimi nilikaa kwenye boneti ya gari nikila karanga, na kwa mbali nikamsikia mke wangu akiuliza:

"Na siku ya kuvua, Baba, mnawapelekaje sokoni wakiwa hai?"

Mzee akasema hilo ndilo tatizo lao kubwa, gari lenye tanki la maji hakuna mtu hapa mwenye uwezo wa kulinunua. Neli akakaa chini kwenye mianzi, akakunja miguu, akamwomba aeleze tanki lenyewe linatakiwa liwe na ukubwa gani.